Neno la Mlangoni

Mafundi walioijengea Ikulu yetu mtambo wa kunasa sauti hawakuwahi kumsindikiza mgeni. Hilo nililijua kuwahusu bila hata kuonana nao. Walitoka ng'ambo, wakalipwa vizuri, wakapachika masikio madogo ya chuma kwenye dari ya chumba cha mazungumzo, kisha wakaufundisha mtambo Kiswahili. Ukisikia "karibu", unaamka. Ukisikia "kwaheri", unalala. Walidhani mtu akisema kwaheri anaondoka.

Nani katika nchi hii huondoka akisema kwaheri? Mgeni anaaga, mwenyeji anainuka naye, wanatoka pamoja, wanasimama mlangoni, wanashikana mikono na hawaachiani. Hapo ndipo posa inapokataliwa kweli. Hapo ndipo bei ya kiwanja inapokubaliwa, na hapo ndipo waziri anapomwambia rais kile ambacho asingethubutu kumwambia mbele ya mawaziri wenzake. Ndani ni adabu, mlangoni ndiyo kauli. Mtambo ule uliitwa Sikio, na miaka yote uliyofanya kazi ulinasa adabu tupu.

Naitwa Gwantwa. Mimi ni fundi sauti, mkuu wa maabara ya sauti ya Hifadhi ya Taifa. Siku ile nilikuwa nimepiga magoti kwenye korido ya Ikulu, ile inayotoka chumba cha mazungumzo hadi mlango mkubwa, spika masikioni, nikikipitisha Kidole ukutani taratibu.

Kidole nilikitengeneza mwenyewe. Ukuta wa korido ile umepigwa lipu ya chokaa, na chokaa haikauki mara moja kama watu wanavyofikiri. Inaendelea kukaza miaka na miaka, ikivuta hewa, ikijijengea matabaka membamba mno, moja juu ya jingine. Mtu akizungumza karibu nayo, tabaka la wakati ule hutetemeka likiwa bado laini, na mtetemo ule hubaki humo. Wenzangu walicheka niliposema unasomeka. Nikaotesha fuwele, nikaisugua mpaka ikawa lenzi, nikapitisha mwali wa mwanga ndani yake. Mwali husoma tabaka na papo hapo hulichoma, kwa hiyo kila tabaka husomwa mara moja tu, na kilichosomwa hukaa ndani ya Kidole, hakipo pengine. Wenzangu wakaacha kucheka. Nilijivuna, na mpaka leo najivuna, kwa sababu hakuna mtu mwingine niliyemsikia duniani aliyewahi kuufanya ukuta useme.

Tabaka nililokuwa nalitafuta lilikuwa la masika ya mafuriko. Nililitambua kwa unyevu wake.

Kila mtoto wa Shirikisho la Nyanda anakijua kile kipande cha Sikio kilichovuja baada ya kifo cha Rais Ndimbwa. Mvua zilikuwa zimelijaza bwawa la Lusiga mpaka ukingoni. Rais anasikika akisema mbele ya baraza dogo: "Milango ya bwawa ifunguliwe alfajiri. Itembele wasiambiwe, wataziba barabara na mizigo yao." Sauti ya mwanamke inajibu: "Sawa, Mheshimiwa." Halafu viti vinasogea, watu wanaaga, mtambo unalala. Jioni ile ile injinia wa zamu bwawani alipigiwa simu na Rais, akasita, akachezewa ile "sawa" ya waziri wake. Alfajiri akafungua. Kijiji cha Itembele kilisombwa na maji watu wakiwa vitandani.

Mwanamke yule ni mama yangu, Atuganile, aliyekuwa Waziri wa Maji. Tangu kipande kile kivuje watu wanamwita Mama Sawa. Hakuwahi kujitetea hata kwangu.

Sasa nilimsikia, sauti changa kuliko yangu, ikitoka kwenye chokaa.

"Mheshimiwa, mle ndani nimeitikia kwa sababu ya wenzetu. Hapa tuko wawili. Sifungui milango watu wamelala. Nipe kesho niwahamishe. Kama hutaki, uwaziri wako nauacha hapa hapa mlangoni."

Kiatu kikasugua sakafu. Mama akakohoa kile kikohozi chake kikavu, ambacho hadi leo hukohoa akiogopa.

"Basi, dada yangu," Ndimbwa akasema, mpole kabisa. "Tungoje. Nenda kapumzike. Nakupa neno langu, hakuna mlango utakaofunguliwa kabla hujawatoa watu."

Kisha likaja neno ambalo ningependa ukuta uwe umelimeza.

"Asante, kaka," alisema mama. "Mungu akubariki."

Nilivua spika nikakaa chini pale pale kwenye korido, nikalia, askari wa zamu akaniuliza kama kuna kilichoharibika. Nikamwambia hapana, kifaa kinafanya kazi vizuri sana.

*

Rais Yusta Lugome alinipokea asubuhi iliyofuata, nikamweleza nilichokisikia. Nilimpigia kura mwanamke yule, na sikumpigia kwa kusukumwa. Kazi yake ya kwanza alipoingia Ikulu ilikuwa kuling'oa Sikio mbele ya kamera, akawaonyesha wananchi vile vichuma kwenye kiganja. Nilipiga vigelegele sebuleni kwangu peke yangu.

"Unaijua historia ya chumba hiki kuliko mimi," alisema akinimiminia chai kwa mkono wake.

Naijua. Rais wetu wa kwanza alificha kinasa sauti cha tepu nyuma ya vitabu. Wa pili alikiweka chini ya meza, akawa anakiwasha kwa goti, ndiyo maana kwenye picha zake zote amekaa upande. Wa tatu ni Ndimbwa na Sikio lake. Wala si sisi tuliobuni ujanja huo. Wakubwa wa mataifa makubwa walitutangulia, na wapo walioangushwa na tepu zao wenyewe. Ukiwauliza wote wangekwambia walikuwa wanaiwekea nchi kumbukumbu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mgeni wake.

"Kesho Tume ya Itembele inakaa," Rais aliendelea. "Nataka usimame na Kidole chako mbele ya wananchi. Uwaeleze kinavyofanya kazi, ukisomeshe kipande cha ukuta wakione, halafu uwasikilizishe mama yako. Jina lake litasafishwa mchana kweupe. Baada ya hapo serikali itakichukua kifaa, tukitunze."

"Mtakitumia?"

"Kwa amri ya mahakama tu." Akaniangalia. "Niambie, lipu za nyumba za kawaida nazo zinasomeka?"

Hapa ulimi wangu uliniponyoka. Mtu akikuuliza habari ya kazi yako, kazi uliyoambiwa haiwezekani, unamjibu kifua mbele.

"Zinasomeka zote, Mheshimiwa. Maadamu kuna chokaa. Vyumba vya kulala, madarasa, misikiti, makanisa, hata jikoni."

Ndipo nami nikasikia nilichokisema. Nusu ya nyumba za nchi hii zimepigwa lipu ya chokaa.

"Mheshimiwa," nikasema, "wewe nakuamini. Atakayekaa hapo baada yako ni nani?"

"Sijui," alijibu, na nilimheshimu kwa kusema ukweli. "Lakini bila Kidole, mama yako atazikwa akiitwa Mama Sawa. Hilo unalijua vizuri kuliko mimi."

Nikaaga. Akainuka, kama ilivyo desturi, akanisindikiza. Tulipita korido ile ile, kando ya kovu jembamba nililoliacha ukutani. Mlangoni alinishika mkono, hakuuachia, akashusha sauti.

"Gwantwa, ile nyumba ya matofali mekundu nyuma ya soko la juu, wanapokutana wale wanaotaka kunitoa kwenye uchaguzi. Ndani wamepiga lipu gani?"

Mkono wake ulikuwa wa moto, wangu ukapoa. Nilimjibu sijui. Mazungumzo ya mlangoni ni ya watu wawili, na hili nisingelitoa kama lingekuwa linahusu mlango wake na wangu tu. Lilihusu mlango wa watu wengine.

*

Mama anakaa milimani, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba. Nilimkuta uani akimenya ndizi mbichi kwa ajili ya chakula cha mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu? Umegombana na mwenzio?"

Nikamwambia yote. Kidole, korido, sauti yake, sauti ya Ndimbwa. Nilidhani ataangua kilio cha furaha. Nilikuwa hata nimeandaa kitambaa. Mama aliweka kisu chini, akafuta mikono kwa pindo la kanga.

"Ulipiga hodi?"

"Wapi, mama?"

"Pale mlangoni. Mimi na Ndimbwa tulipokuwa tunaongea. Ulipiga hodi?"

Nilikunja kile kitambaa nikakirudisha mfukoni.

"Nimesikilizwa mara mbili maishani mwangu bila kuulizwa," akasema. "Mara ya kwanza ni Ndimbwa. Mara ya pili ni mtoto niliyemzaa."

"Mama, wanakutukana! Wajukuu zako wanachekwa shuleni. Sokoni wanakupangia nyanya zilizopondeka, na wewe unanunua!"

"Nanunua ndiyo. Zinafaa kwa mchuzi." Kisha hasira ikamtoka, akabaki mama yangu tu, mzee, mikono imechafuka utomvu. "Sikiliza, Gwantwa. Ile 'sawa' niliisema. Hakuna aliyeighushi. Na nyumbani simu ilikuwepo, ya bwawani ilikuwa inaita vizuri. Ningempigia yule injinia, nimwambie asifungue hata akisikia nini. Sikumpigia. Nilikuwa nimepewa neno mlangoni, na kwa tulivyolelewa sisi, mtu akikupa neno mlangoni unakwenda kulala. Kwa hiyo nilikwenda kulala."

"Huyo aliyekupa neno ndiye mwongo."

"Mwongo, naam. Lakini si yeye pekee aliyelala usiku ule." Akaokota kisu. "Kesho nitakwenda kwenye hiyo tume. Nitasema kwa mdomo wangu. Hicho kifaa chako usikitumie kwa ajili yangu, wala usikivunje kwa ajili yangu. Ni kazi yako, uamue mwenyewe. Ni kizuri?"

"Ni kizuri sana, mama."

"Najua. Tangu unatambaa ulikuwa unabomoa redio zangu." Akacheka, na jinsi alivyocheka nilijua ananionea fahari, hata akiwa amenikasirikia.

Niliingia ndani kuweka mkoba. Chumba cha mbele ndicho alichofia baba. Mimi nilikuwa masomoni, sikumuwahi. Mama aliniambia tu kwamba alizungumza naye kwa muda mrefu, hakuniambia walizungumza nini. Nikasimama pale na Kidole mkobani, nikautazama ukuta. Lipu ya chokaa. Ningepiga magoti tu. Ningeisikia sauti ya baba yangu, labda ingenitaja. Mkono wangu ulishafika kwenye kifungo cha mkoba, sitawadanganya, na mwili mzima ulikuwa unataka.

Nikafikiria ile nyumba ya matofali mekundu. Nikafikiria kila mke aliyewahi kumnong'oneza mumewe, kila mtoto aliyeungama kwa mama yake, kila mgonjwa. Wote walizungumza wakiamini ukuta ni ukuta. Na mimi, fundi hodari, nilikuwa nataka kuwageuza wote wawe wamezungumza Ikulu.

Kinu cha mama hukaa nyuma ya mlango wa jiko. Nilichomoa lenzi kwenye Kidole, na kile kipande cha kumbukumbu chenye sauti ya korido, nikavitumbukiza vyote. Nikachukua mchi.

Mama alinyanyua macho, akaona. Hakuuliza.

"Funika na kanga," alisema. "Vipande visikurukie machoni."

Alivua ya mabegani akanirushia. Nikafunika, nikatwanga. Fuwele niliyoiotesha kwa miaka ilipasuka kwa mlio mdogo, mzuri. Kama yupo atakayeivumbua tena, na aivumbue, mimi si mlinzi wa vichwa vya watu. Lakini hatasema alipewa na Gwantwa.

*

Tume ilikaa Itembele mpya, kule kilimani, kwenye ukumbi wa shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Waandishi walikuja na kamera zao, kwa sababu Ikulu ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba leo ukuta utasema.

Mwenyekiti wa tume, Jaji mmoja mtaratibu mwenye miwani minene, aliniita mbele.

"Fundi, tuwekee kifaa mezani."

Niliweka kanga ya mama mezani, nikaifungua. Unga wa fuwele ukameremeta kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki ndicho, Mheshimiwa Jaji. Nilikitengeneza mimi, kikafanya kazi, na mimi nikakitwanga. Jana nimeulizwa nyumba ya watu fulani ina lipu gani. Nilipoulizwa hivyo, nilijua kitaanzia hapa Itembele na kitaishia vyumbani mwenu."

"Nani alikuuliza?"

"Aliyeuliza anajijua, na najua ananitazama."

Ukumbi ulilipuka. Huyu anapiga makofi, yule anapiga meza. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Ameuvunja ushahidi! Ukuta ungemuumbua mama yake!" Wengi wakamwitikia, na sikuwalaumu, mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Hilo nililijua nikiwa na mchi mkononi, kwamba nikitwanga kifaa natwanga na jina la mama. Ningesema nilimsikia akikataa, nani angeniamini? Nilirudi kwenye kiti, kichwa sikuinamisha.

Jaji akamwita Atuganile.

Mama alitembea mpaka mbele bila fimbo, amevaa vitenge vipya. Akakataa kiti. Akakohoa kikohozi kile kikavu. Kisha akasema, akiwatazama watu wa Itembele, si Jaji.

"Ile sauti ni yangu. Niliitikia ndani. Mlangoni nilimwambia: 'Sifungui milango watu wamelala. Nipe kesho niwahamishe. Kama hutaki, uwaziri wako nauacha hapa hapa mlangoni.' Akanijibu tungoje, akanipa neno lake hakuna mlango utakaofunguliwa kabla sijawatoa watu."

Nilishika ukingo wa kiti. Miaka yote ile imepita, na lilikuwa lile lile, neno kwa neno, hata pumzi alivuta pale pale. Sasa anyamaze, nikamwomba kimoyomoyo. Basi, mama. Imetosha. Ishia hapo.

"Na mimi," mama akaendelea, "nilimshukuru. Nilimwambia: 'Asante, kaka. Mungu akubariki.' Nikaenda nyumbani, simu ninayo, bwawani sikupiga. Nikalala. Sina shahidi, na sikuja kuomba mniamini. Nimekuja kwa sababu nilikuwa sijawahi kuja."

Hakukosea neno. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na uwezo wa kulithibitisha hilo, naye alikuwa amekaa safu ya pili na midomo imefungwa. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyomjivunia mwanamke yule, si Kidole, si shahada zangu, si chochote. Yule kijana wa nyuma alikuwa bado amesimama, lakini hakupaza sauti tena.

Jaji alimshukuru kwa maneno ya kawaida ya majaji, akasema tume itayapima maelezo yake, akamwambia kwaheri. Mama akageuka kuondoka, na hakuna aliyempisha wala aliyemzuia.

Ndipo akainuka Bibi Sekela. Kila mtu pale alimjua. Maji ya Lusiga yalimchukulia mume, watoto na mama mzazi, akabaki yeye juu ya mti. Alikuwa amekaa mbele tangu asubuhi bila kusema neno. Alimfuata mama taratibu, akamfikia kwenye njia ya katikati.

"Atuganile," alisema, "ngoja nikusindikize."

Wakatoka pamoja. Nikainuka kuwafuata, nikafika kizingitini, nikaishia hapo. Niliwaona wakivuka uwanja wa shule hadi getini, geti la miti lenye ua wa michongoma pande zote, hakuna ukuta. Walisimama. Bibi Sekela alimshika mama mkono, na hakuuachia. Walizungumza. Mama aliinamisha kichwa, akakiinua. Bibi Sekela akasema kitu kirefu. Walikaa vile muda mrefu, mpaka waandishi wakaanza kusogea na vinasa sauti vyao, na yule kijana wa nyuma, yule yule, akaenda akasimama katikati ya njia na kuwazuia.

Jaji alikuja akasimama kando yangu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi," aliniuliza, "wewe mwenye masikio. Wanasema nini pale?"

"Wanaagana, Mheshimiwa," nikamjibu.